Maji ya Mukuru Huanzia Msituni: Safari ya Siku Moja Pamoja na Mwelekezi

Matini ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mabaraza ya wakazi wa Wadi ya Kwa Reuben, Kaunti Ndogo ya Embakasi Kusini



Mukuru kwa Reuben kuna maji ya aina mbili. Ya kwanza hununuliwa. Huuzwa kwa mtungi wa lita 20, na kila mama mtaani anajua bei yake ya kawaida na bei ya siku ambayo mifereji imekauka. Ya pili hayanunuliwi wala hayaalikwi. Ni maji ya Mto Ngong, ambayo mvua ikizidi huingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi. Aprili na Mei 2024 maji hayo yalibeba magodoro, sufuria na vitabu vya watoto, na kuna familia ambazo hazikuwa na nyumba ya kurudia mvua ilipokatika.

Maji haya mawili yana asili inayofanana. Yale ya mtungi, yakiwa yametoka kwenye bomba la jiji, sehemu kubwa yake huanzia katika misitu ya Milima ya Aberdare, ambayo wengi huiita Nyandarua. Yale ya Mto Ngong huanzia pande za Dagoretti na Msitu wa Ngong Road. Mkazi wa Kwa Reuben basi ni mtu wa msitu hata kama hajawahi kuukanyaga. Msitu ukiwa mzima, yeye hupata maji. Msitu ukikatwa, yeye ni miongoni mwa wa kwanza kuumia, mara kwa ukame wa mfereji, mara kwa mafuriko.

Mazungumzo haya yanahusu safari ya siku moja, kutoka mtaani asubuhi na kurudi jioni, kwenda kuuona msitu huo pamoja na mwelekezi anayeujua.

Huenda mtu akauliza: mtu asiye na uhakika wa chakula cha jioni anaambiwaje habari za kutembea msituni? Swali hilo ni la haki. Kibarua wa Viwandani akikosa kazi siku moja, hana malipo ya siku hiyo. Safari za msituni zimezoeleka kuonekana kama mambo ya watalii wenye kamera, au ya shule zenye mabasi yao. Lakini mkulima hutembelea shamba lake, na mwenye duka huenda kuona bidhaa zinatoka wapi. Mkazi wa Mukuru hulipia maji ya msitu kila siku. Ana kila sababu ya kwenda kuona maji hayo hutengenezwa vipi, na ni nani anayeyatunza au kuyaharibu.

Msitu wa mvua ni upi?

Si kila penye miti mingi ni msitu wa mvua. Msitu wa mvua hupata mvua nyingi sehemu kubwa ya mwaka, na miti yake haipukutishi majani yote kwa pamoja, hivyo huwa kijani wakati wote. Tena umepangwa kwa orofa. Wakazi wa Kwa Reuben hawahitaji mfano wa mbali: wautazame mtaa jirani wa Pipeline. Kila orofa ina wapangaji wake, aliye juu kabisa hupata jua na upepo, na aliye chini huwasha taa mchana. Msituni ni vivyo hivyo. Juu kuna miti mirefu yenye ndege na mbega, katikati kuna miti midogo inayovumilia kivuli, chini kuna vichaka na mimea ya kutambaa, na ardhini kuna majani yanayooza, uyoga, wadudu na giza la mchana.

Nchini Kenya, msitu wa mvua unaotajwa zaidi ni ule wa Kakamega. Ni kipande cha mashariki kabisa kilichosalia cha misitu iliyowahi kuenea kutoka Kongo na Afrika Magharibi. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu uliohifadhiwa mwaka 1933, na sehemu yake ya kaskazini ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 240. Hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, takriban mara mbili ya mvua ya Nairobi.

Kutoka Nairobi hadi Kakamega ni karibu kilomita 400, kwa hiyo si safari ya kwenda na kurudi siku moja. Hata hivyo, wakazi wengi wa Mukuru wana asili ya magharibi mwa nchi na hurudi nyumbani Desemba. Aliye Kisumu yuko kilomita 50 hivi kutoka mji wa Kakamega, na anaweza kwenda msituni Isecheno au Buyangu asubuhi na kurudi jioni. Katika pande zote mbili kuna waelekezi wenyeji. Watoto waliozaliwa Nairobi wakipelekwa huko siku moja ya likizo, wataona mbega, vipepeo wa rangi nyingi, na ndege mkubwa wa buluu anayeruka mti hadi mti kwa kelele nyingi. Jambo la kukumbuka ni kwamba Kakamega mvua hupenda kunyesha alasiri, hivyo matembezi yafanyike asubuhi.

Kwa anayetoka Nairobi, msitu wa karibu wa aina hii ni ule wa milimani, yaani misitu ya Aberdare. Huko kuna baridi kuliko Kakamega kwa sababu ni juu zaidi, lakini kazi ni ile ile: kunasa mvua na ukungu, kuyahifadhi maji, kisha kuyaachilia polepole.

Mtungi wa lita 20 unatoka wapi?

Miaka mingi iliyopita, mwanzoni mwa karne ya 20, Nairobi ilikuwa mji mdogo wa reli na ilitosheka na chemchemi za Kikuyu. Mji ulipokua, maji yalifuatwa mbali zaidi. Bwawa la Sasumua, upande wa Kinangop, lilikamilika miaka ya 1950. Bwawa la Ndakaini, lililoko Gatanga katika Kaunti ya Murang'a, lilikamilika mwaka 1994. Ndakaini linaweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 70 za maji, na ndilo tegemeo kubwa la jiji.

Maji ya Ndakaini huletwa na mito ya Thika, Githika na Kayuyu, ambayo hushuka kutoka Aberdare. Kutoka bwawani hupelekwa kusafishwa Ngethu, kisha hufika katika matangi ya Gigiri, na kutoka hapo husambazwa mjini. Baadhi ya mitaa, Mukuru ikiwemo, ina visima pia. Lakini Aberdare ikikosa mvua, jiji zima huhisi. Ilikuwa hivyo Januari 2017, pale kiwango cha maji Ndakaini kiliposhuka na mgao wa maji ukaanza Nairobi. Mwenye tangi kubwa la kuhifadhi maji alivumilia. Anayenunua kwa mtungi ndiye aliyesimama kwenye foleni.

Hapa ndipo kazi ya msitu inapoonekana. Mvua ikinyesha Mukuru huangukia mabati, simiti na ardhi iliyoshindiliwa na miguu ya maelfu ya watu. Haina pa kuingilia. Hukimbilia mtaroni, na mtaro ukiwa umejaa takataka hugeuka kuwa mto. Mvua hiyo hiyo ikinyesha msituni hupokelewa kwanza na majani ya juu, kisha ya katikati, ikatiririka kwenye mashina na kufika ardhini ikiwa imepunguzwa nguvu. Ardhini hukuta tabaka la majani yaliyooza na udongo uliotobolewa na mizizi na wadudu. Udongo huo hunywa maji kama sifongo ya godoro, kisha huyatoa kidogo kidogo kupitia chemchemi, hata wiki kadhaa baada ya mvua kuisha.

Ndiyo maana mto unaotoka katika msitu mzima huendelea kutiririka wakati wa kiangazi. Msitu ukikatwa, mto huo huo huleta matope wakati wa mvua, na mawe makavu wakati wa jua.

Njia yenyewe ni somo

Sehemu nzuri kwa safari ya siku moja ni Msitu wa Kereita, katika Kaunti Ndogo ya Lari, Kaunti ya Kiambu. Msitu huu uko upande wa kusini wa mfumo wa misitu ya Aberdare, na watu wengi wa Nairobi huenda huko kutembea mwishoni mwa juma. Kutoka Mukuru si zaidi ya kilomita 80. Gari likiondoka saa kumi na mbili asubuhi, kundi linaweza kuwa msituni kabla ya saa tatu.

Njia inayofaa ni barabara ya Southern Bypass, na isiwe ya kulala garini. Barabara hiyo imekata katikati ya Msitu wa Ngong Road. Hapo wasafiri waambiwe watazame nje, kwa maana ni katika pande hizo Mto Motoine unakoanzia safari yake. Motoine hupita Kibera na kuingia Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 na ambalo zamani watu waliendesha mashua za burudani ndani yake. Leo bwawa hilo limezibwa na matope, takataka na magugu maji. Maji yakitoka hapo hubadilisha jina na kuwa Mto Ngong, hupita eneo la viwanda, na kufika Mukuru yakiwa yameshabeba uchafu wa kila mtaa wa juu yake.

Mbele kidogo, mjini Kikuyu, kuna kinamasi cha Ondiri. Hicho ndicho chanzo cha Mto Nairobi, ambao Mto Ngong huungana nao mashariki mwa jiji kabla ya maji yote kuelekea Mto Athi, na mwishowe Bahari ya Hindi kupitia Mto Sabaki karibu na Malindi. Katika muda wa saa moja ndani ya matatu, wasafiri watakuwa wamepita vyanzo vya mito miwili. Mwalimu au kiongozi wa kikundi ayaeleze haya gari likiendelea.

Kisha ni barabara kuu ya Nakuru hadi Kimende, eneo ambalo watu hulima kabichi, karoti na viazi. Kutoka hapo ni barabara ya kuingia msituni.

Kwa nini mwelekezi?

Kuna wanaosema mwelekezi ni gharama ya bure: njia si inaonekana? Sababu za kumchukua ni tatu.

Ya kwanza ni usalama. Misitu ya Aberdare ina ndovu na nyati. Mwelekezi na askari wa misitu hujua wanyama wamepita wapi, kwa kusoma nyayo na vinyesi, na hujua ni njia gani ya kuepuka siku hiyo. Ukungu ukishuka, njia zote hufanana, na mtu anaweza kuzunguka saa nzima akidhani anarudi alikotoka.

Ya pili ni elimu. Bila mwelekezi, mgeni huona miti. Akiwa na mwelekezi, huona muiri, mti ambao magome yake huuzwa hadi ng'ambo kwa kutengenezea dawa ya tezi dume, na ambao umekauka mahali pengi kwa sababu watu hubandua magome kuzunguka shina lote. Huonyeshwa jinsi mianzi inavyonasa ukungu na kuudondosha ardhini. Huonyeshwa thabai, ambayo wengi huijua ikiwa imepikwa, na huambiwa namna ya kuipita bila kuwashwa. Huambiwa asimame, anyamaze, asikilize: mngurumo ule juu ya miti ni wa mbega wakikumbushana mipaka yao. Kisha mwelekezi huinama, hufukua majani makavu kwa mkono, na chini yake udongo huwa mweusi na umelowa hata kama mvua haijanyesha kwa siku kadhaa. Aliyeushika udongo huo kwa mkono wake haihitaji hotuba kuhusu sifongo.

Ya tatu ni riziki ya wanaoutunza msitu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inaziruhusu jamii zinazopakana na misitu kuunda vyama na kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Waelekezi wengi hutoka katika jamii hizo. Kijana anayelipwa kwa kuwaonyesha wageni mti ana sababu ya kuulinda mti huo usiku. Pesa ya mwelekezi, kwa namna hii, ni pesa ya maji.

Mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda

Kikundi kiwasiliane mapema na kituo cha KFS kinachosimamia msitu huo. Kiulize ada ya kuingia, malipo ya mwelekezi, njia zilizo wazi na hali ya barabara. Ada ilipwe kwa njia rasmi, na risiti ihifadhiwe. Raia wa Kenya wana bei yao, hivyo kila mtu mzima abebe kitambulisho. Mtu akimwambia kiongozi wa kikundi kwamba anaweza kuwapitisha "mlango wa nyuma" kwa bei nafuu, jibu liwe hapana. Njia hiyo ndiyo wanayopitia wakataji miti.

Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika mbuga, fuo na misitu iliyohifadhiwa. Chupa za maji za dukani, sahani za plastiki na mirija viachwe mtaani. Maji yabebwe katika chupa za kudumu, na chakula katika vyombo vya nyumbani. Chapati, viazi vitamu, mayai ya kuchemsha na ndizi vinatosha, na hugharimu kidogo kuliko chakula cha hotelini.

Mavazi yawe ya baridi na mvua. Kereita iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni, Julai na Agosti huko huuma. Viatu viwe vya kufunga, visivyoteleza, gambuti zinafaa. Suruali ndefu iingizwe ndani ya soksi, kwa maana siafu hawaulizi mgeni ni wa wapi. Mwenye pumu abebe dawa yake na amjulishe kiongozi kabla ya kuanza kupanda. Wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu wasiachwe nyumbani. Waelekezi huwa na njia fupi na tambarare, mradi waambiwe mapema.

Watoto wasimamiwe na mtu mzima mmoja kwa kila kikundi kidogo, na wahesabiwe wakati wa kushuka garini, kila kituo cha kupumzika, na kabla ya kuondoka. Hakuna kuwasha moto, kuchuma mimea, wala kuwalisha tumbili. Sigara ziachwe. Safari ya kurudi ianze saa tisa alasiri, ili kundi lifike Mukuru kabla ya giza.

Kuhusu pesa, chama ndicho jibu. Kwa mfano, wanachama 25 wakiweka shilingi 50 kila wiki, baada ya wiki 16 watakuwa na shilingi 20,000. Gharama kubwa ya safari ni gari, na gari ni nafuu likijaa. Siku ichaguliwe ambayo haiwaumizi vibarua, kama vile Jumapili au sikukuu, na miezi ya mvua kubwa iepukwe kwa sababu ya utelezi.

Anayetaka kuanza na hatua fupi zaidi ana Karura, ndani ya jiji lenyewe. Karura si msitu wa mvua, na kipande chake kikubwa kilipandwa, lakini una miti ya asili, maporomoko ya maji na mapango, na waelekezi wanapatikana kwa makundi yanayoomba mapema. Una pia historia ambayo kila mkazi wa Nairobi anapaswa kuijua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu za msitu huo ziligawiwa watu binafsi ili wajenge. Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walikwenda kupanda miti huko, na tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa langoni na kujeruhiwa. Wanafunzi na wananchi walijitokeza kupinga ugawaji huo, na msitu ukabaki. Mwaka 2004 Profesa Maathai akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Msitu ambao watu wa kawaida hawajawahi kuuingia hunyakuliwa kimyakimya, kwa kuwa hakuna anayegundua kwamba umepungua. Karura ilibaki kwa sababu watu waliihesabu kuwa yao. Misitu ya Aberdare nayo ina wanyakuzi na wachoma makaa, na inahitaji watu wengi, hata wa mbali, wanaojua thamani yake.

Baada ya kurudi

Safari isiishie kwenye picha za simu. Kikundi kilichokwenda kitoe ripoti katika baraza: kimeona nini, mwelekezi amesema nini, na mtaani kuna nini cha kufanya.

Na cha kufanya kipo. Ni kweli kwamba msitu peke yake haungezuia mafuriko ya mwaka 2024. Mitaro iliyoziba, nyumba zilizobana mto na takataka zilizotupwa majini zilichangia, na mengine kati ya hayo yako mikononi mwa serikali, mengine mikononi mwa wakazi. Mkazi aliyeona jinsi udongo wa msitu unavyonywa maji ataelewa kwa nini kando ya mto panahitaji nyasi na miti badala ya kuta. Pia atakuwa na hoja nzito zaidi katika vikao vya kushirikisha umma. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa Eneo Maalum la Mipango, na maji, mitaro na mazingira vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyojadiliwa na wakazi wenyewe. Mazungumzo hayo hayajaisha. Katiba, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na haimwondoi mpangaji wa chumba cha mabati.

Shule za wadi zinaweza kuanza na klabu za mazingira. Vikundi vya vijana vinavyosafisha mto vinaweza kupeleka wanachama wao wakaone mto ukiwa bado mchanga na safi, ili wajue wanachokitafuta wanapochimbua matope hapa chini. Vyama vya akina mama vinaweza kuunganisha safari na mkutano wao wa mwaka. Kikundi kisicho na uwezo wa kwenda Kereita mwaka huu kiende Karura, na kisichoweza Karura kitembee kando ya Mto Ngong na mzee anayekumbuka mto huo ulivyokuwa.

Vikundi vinavyotaka kupanga safari vijiandikishe katika ofisi ya msimamizi wa wadi, vikitaja idadi ya watu, umri wao, tarehe mbili zinazowafaa na kiongozi mmoja atakayepokea simu. Tarehe ikishapatikana, chama kianze kuweka akiba wiki hiyo hiyo.